Kelele Zilizotangulia Picha

Mlionifuata tangu mwanzo mnayajua yangu. Kelepi, mume wangu, alikwenda Australia kuchuma machungwa, akachuma na mke mwingine hukohuko. Kimbunga kikaja kikabeba paa la nyumba yangu. Nikarudi kwa baba yangu, hapa Kolomotu'a, Tonga, na sanduku moja la nguo, na kabla sijalifungua vizuri kiharusi kikampiga Baba mlangoni mwa kanisa.

Wiki iliyopita niliishia pale daktari aliponivuta pembeni.

"Mama," akaniambia, "mzee asishtuliwe. Asikasirishwe. Na asifurahishwe kupita kiasi."

Hasira ningeweza kumwepusha nayo. Furaha ndiyo iliyonishinda.

Maana hatujakaa sawa, redio ikatangaza kikosi cha raga. Mdogo wetu Lisiate, kitinda mimba wa nyumba hii, anayepakua makontena bandarini Auckland na kucheza mpira jioni, amechaguliwa kuichezea Tonga. Mechi Jumamosi dhidi ya Samoa, hukohuko Auckland.

Mkono wa kulia wa Baba ulikuwa umekufa, na maneno yalikuwa yamembakia machache ya kuhesabika. Akaniita. Akanyoosha mkono wa kushoto kwenye televisheni.

"Wote," akasema.

"Wote nani, Baba?"

"Wote."

Nikaelewa. Nikachoka hapohapo.

Kwetu kaka na dada hawaketi mbele ya televisheni moja. Si ugomvi, ni heshima. Picha haina haya: mara watu wanabusiana, mara mtu anatukana, nyie ndugu mtaficha wapi nyuso? Kwa hiyo chumba cha mbele ni cha Baba, na kaka yangu Fe'ao, na wanaume wenzao na bakuli lao la kava, kinywaji chetu cha mizizi. Mimi ni mtu wa nyumba ya nyuma, ng'ambo ya ua, penye jiko.

Na Shangazi Kalolaine ndiyo zaidi. Huyu ni dada yake Baba, toka nitoke. Tangu alipovunja ungo hajawahi kuketi chumba kimoja na kaka yake. Wamezeeka wakipendana kupitia dirishani.

Nikampelekea habari nikijua atakataa. Akacheka.

"Kaka yangu anataka wote? Basi atatupata wote. Fe'ao! We Fe'ao!"

Shangazi akiita, katika ukoo wetu hata mwenye ndevu nyeupe huacha chakula. Fe'ao akaja akasimama uani, macho chini kwa sababu na mimi nilikuwepo.

"Naam, Shangazi."

"Si wewe uliyekaa Auckland ukifunga televisheni kwenye majumba ya wazungu?"

"Ni mimi, Shangazi."

"Basi tuletee mpira nyumba ya nyuma. King'amuzi kibaki kwa baba yako, picha ije kwetu."

"Waya wa picha haufiki huku, Shangazi. Ukirefushwa sana picha inafia njiani."

"Nimekuuliza inafia wapi?"

Kesho yake Fe'ao akarudi na bunda la waya wa buluu, mwembamba, ule wanaoutumia maofisini kwa intaneti, na visanduku viwili vidogo visivyozidi kiberiti kikubwa.

"Hiki kinakaa nyuma ya king'amuzi," akaeleza kupitia dirisha la jiko, ameangalia mshelisheli badala ya kuniangalia mimi. "Kinaimeza picha, kinaikatakata, kinaisukuma kwenye waya huu wa mtandao. Hiki kingine kinakaa kwenu. Kinaipokea, kinaiunga, kinaitema kwenye ile televisheni ya zamani."

"Inaitema?" Shangazi akauliza. "Sisi tutazame kitu kilichotemwa?"

"Ni namna ya kusema, Shangazi."

Akaupitisha waya ukutani, akaupandisha mshelisheli, akauingiza kwetu. Akawasha. Kweli, picha ikaja, safi, mtu anasoma habari. Nikapiga makofi kama mtoto. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu barua ya Kelepi ya kuniacha.

Lakini Shangazi ana masikio. Akainua kidole.

"Huyu mtu kule kwenu ameshamaliza kusema. Huku ndiyo kwanza anafungua mdomo."

Fe'ao akakuna kichwa. "Visanduku vyenyewe ni vya bei ya chini. Kukata na kuunga kunachukua muda. Picha yenu itachelewa kidogo. Kama pumzi moja."

"Yaani nyinyi mnakula kwanza, halafu sisi tunaletewa makombo."

"Shangazi..."

"Mimi! Dada mtu! Kalolaine! Nile makombo ya kaka yangu?"

Kule chumba cha mbele tukasikia mlio kama kikohozi. Alikuwa Baba. Alikuwa akicheka, na tangu kiharusi hatukuwahi kumsikia akicheka. Shangazi akalegea palepale.

"Haya," akasema. "Makombo ya leo nitakula."

Sasa kuna jambo sijawaambia. Lisiate alikuwa hajui lolote. Kiharusi, mkono, maneno, yote tulimficha, na amri ilikuwa ya Shangazi.

"Mtoto anakwenda kugongana na majitu kama mabasi. Mnataka agongane nayo huku anamlilia baba yake? Akija kujua, ajue baada ya mechi."

Kwa hiyo Lisiate alipopiga simu mimi ndiye niliyepokea. Baba amelala. Baba yupo kanisani. Baba kaenda shambani kuangalia viazi vikuu. Baba mzima kabisa, mdogo wangu, anakusalimia. Nilidanganya hadi nikawa namuona kweli Baba shambani, ameshika jembe kwa mikono miwili.

Jumamosi asubuhi nikaamshwa na ukelele wa Fe'ao. Nguruwe wetu alikuwa ameutafuna waya. Ameuvuta kutoka mshelisheli, ameula kipande, na kingine amekilalia.

"Nitamchinja!" Fe'ao akasema. "Leo hii hii nitamchinja!"

"Utamchinja kwa ajili ya sherehe," Shangazi akamjibu. "Kwanza unga waya."

"Waya huu hauungwi kwa kusokota, Shangazi. Ukisokota, picha haiji."

"Basi lete mwingine."

Akaleta mwingine, akabana vichwa vipya kwenye ncha zake, akaupitisha juu zaidi, na nguruwe tukamfunga kamba. Kufikia alasiri kila kitu kilikuwa sawa. Nilipika magimbi, nikafunga nyama na tui kwenye majani yake, sinia la kwanza nikapeleka mlango wa chumba cha mbele. Baba alikuwa amevalishwa mkeka wake wa kiunoni, ule wa kanisani, amekalishwa kwenye kiti kama chifu.

Nikamnong'oneza Fe'ao palepale mlangoni.

"Kaka, daktari alisema asifurahi mno."

"Sasa nifanyeje, Seini? Nimzime?"

Nikarudi jikoni.

Mechi ikaanza. Lisiate alipotoka na wenzake, jezi nyekundu, shingo imejaa, Shangazi akafunika mdomo kwa viganja vyote viwili. "Mtazame! Si ndiye huyu niliyekuwa namfuta kamasi?"

Na kweli kelele zilitangulia picha. Chumba cha mbele wanaguna, ndipo sisi tunamuona mtu anaangushwa. Wanacheka, ndipo mpira unamponyoka mchezaji wa Samoa. Mwanzoni iliniudhi. Baadaye nikazoea, na Shangazi akaanza kuipenda.

"Naona wameniwekea mtu wa kunibishia hodi," akasema. "Furaha haiingii kwangu bila taarifa."

Punde wakapiga yowe kubwa kule mbele. Mimi na Shangazi tukashikana mikono, tukaganda, tukangoja. Pumzi moja. Ndipo tukamuona Lisiate anaupokea mpira pembeni, anamkwepa mmoja, anamburuta wa pili, anajitupa nyuma ya mstari. Trai! Shangazi akalia machozi. Mimi nikapiga kelele peke yangu, nimechelewa, kama mwehu.

Nikasikiliza. Baba alikuwa akikohoa kile kicheko chake. Moyo wangu ukatulia. Nikasema labda daktari naye hajui kila kitu.

Kipindi cha kwanza kilikuwa kinaelekea ukingoni wakati yowe la pili lilipopasuka. Hili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Wanaume wote kwa pamoja, na sauti ya Fe'ao juu ya zote.

"Nyingine!" Shangazi akaruka. Pamoja na magoti yake yale, akasimama katikati ya jiko, akanyoosha mikono, akaanza kucheza, vidole vinazunguka taratibu kama vya msichana. "Nyingine, Seini! Tazama, inakuja!"

Nikatazama.

Lisiate ameshika mpira. Amevunja safu ya kwanza. Anakimbia. Nikaanza kuinuka.

Wakamdaka. Wakamwangusha. Mpira ukatoka nje, mwamuzi akaenda zake taratibu kuonyesha mahali ulipotokea.

"Mbona hakuna kitu?" nikasema.

"Subiri, itafika."

"Shangazi, imeshafika. Hakuna kitu."

Na hapo picha ikazimika. Kioo cheusi. Kikaandika pembeni kwamba hakipokei chochote.

Shangazi akasimama na mikono bado iko hewani. "Nguruwe!" akasema. "Mwanaharamu yule! Kimbia, Seini!"

Nikakimbia. Giza lilikuwa linaanza kuingia. Nikamkuta nguruwe amelala kwenye kamba yake, hana habari. Nikaushika waya pale unapotoka dirishani kwetu, nikaufuata kwa mkono, mshelisheli, ukuta, kona ya nyumba. Haukuwa na jeraha popote. Mzima, mkavu, unatoka kwetu unafika kwao. Na muda wote huo niliotumia kupapasa waya, baba yangu alikuwa upande wa pili wa ukuta ule.

Nikasimama chini ya dirisha la mbele, nimelipa mgongo, kama inavyopasa.

"Kaka! Picha imekatika huku!"

Kimya. Hata mtangazaji hasikiki.

"Fe'ao! Mmezima nini?"

Mlango ukafunguka. Fe'ao akatoka, shati limelowa kava kifua kizima. Akaniangalia usoni. Kaka yangu, usoni.

"Seini," akasema. "Ingia."

Neno hilo hajawahi kuniambia maishani.

Baba alikuwa chini kwenye mikeka. Meza imepinduka, bakuli la kava limemwagika, king'amuzi kiko sakafuni nyaya zimechomoka. Wanaume wazima wamesimama ukutani kama watoto waliovunja chombo.

"Alisimama," Fe'ao akasema. "Nakuapia, dada, alisimama kwa miguu yake. Lisiate alipovunja ile safu, Baba akainuka, akanyanyua mkono. Wa kulia, Seini! Ule uliokufa! Akaunyanyua hivi! Ndiyo tukapiga yowe. Tulifurahi. Halafu akaiangukia meza."

Nikapiga magoti. Alikuwa anapumua. Macho yako wazi, yananitafuta, yananipita.

"Baba. Ni mimi."

Hakuwa akinitafuta mimi. Alikuwa akitazama mlango.

Shangazi Kalolaine alikuwa amesimama pale, nje kidogo ya kizingiti. Ameshika mwimo wa mlango kwa mkono mmoja. Mguu wake mmoja uliinuka, ukarudi ulipokuwa. Hakuna aliyekuwa na haki ya kumwambia ingia au usiingie.

"Kalo," Baba akasema.

Neno hilo halikuwa miongoni mwa yale machache aliyobakiwa nayo. Sijawahi kusikia mtu akimwita Shangazi hivyo. Nadhani ni jina la zamani, kabla hawajatenganishwa, la watoto wawili wanaooga pamoja.

Shangazi akaingia.

"Anayeona aibu atoke," akawaambia wanaume. "Mimi leo sina."

Akaketi mkekani, akakivuta kichwa cha kaka yake mapajani, akakifuta kava kwenye nyusi.

"Nimekuja, Uaisele. Nimechelewa kidogo. Waya wao mbovu."

Baba akakohoa kile kikohozi. Haki ya Mungu nilidhani tumevuka.

Kisha macho yakapanda juu, yakabaki meupe.

Baada ya hapo kila kitu kilikwenda mbio na mimi sikuwa na kazi hata moja. Gari la wagonjwa likasema liko upande wa pili wa kisiwa. Fe'ao akarudisha nyuma pikapu yake hadi mlangoni. Wakamnyanyua Baba na mikeka yake. Shangazi akapanda nyuma, akakiweka tena kile kichwa mapajani. Nami nikashika ubavu wa gari nipande.

"Wewe baki," Shangazi akasema.

"Shangazi, baba yangu!"

"Lisiate atapiga simu mechi ikiisha. Nani atapokea?"

"Asipokelewe! Leo asipokelewe na mtu!"

"Asipopokelewa atajua. Atajua yuko peke yake kwenye nchi ya watu, na sisi hatupo kumshika. Mwambie baba yake amelala."

"Na akitaka kumuona?"

"Amelala, Seini. Hata akiuliza mara mia."

Pikapu ikaondoka na wanaume wote. Nguruwe akaguna kwenye kamba yake. Nikasimama uani, mikono inanuka kava, sina wa kumfuata wala wa kumsemesha.

Nilipaswa kurudi nyumba ya nyuma. Sikurudi. Nikaingia chumba cha mbele, nikainua meza, nikachomeka nyaya moja moja kama nilivyowahi kumuona Fe'ao akifanya. Televisheni ikawaka. Nikajikuta nimekaa kwenye kiti cha Baba, maana ndicho kilichokuwa karibu.

Kipindi cha pili kilikuwa kimeshaanza. Nilitazama bila kuona. Simu nimeilaza pajani. Kila mara niliigeuza kuangalia kama Fe'ao ameandika, kila mara hakuna kitu. Nikasali. Kisha nikamkasirikia niliyekuwa namwomba. Kisha nikamuomba radhi, nikaanza upya.

Tonga ikashinda. Watu wakavamia uwanja na bendera. Wakamvuta Lisiate mbele ya kamera, jasho linamtiririka, nyasi zimemganda shavuni. Mtangazaji akamuuliza ushindi huu ni wa nani. Akajibu kwa lugha yetu, akitazama moja kwa moja ndani ya kamera, yaani ndani ya chumba, yaani mimi.

"Ni wa baba yangu. Yupo nyumbani, mzima kabisa, ananitazama sasa hivi."

Mzima kabisa. Yalikuwa maneno yangu. Nilimfundisha mimi mwenyewe, simu baada ya simu, na sasa ameyatangaza kwa nchi nzima. Kutoka nyumba za jirani nikasikia watu wanashangilia jina la Baba.

Nilingoja muda mrefu. Matangazo ya biashara yakapita, wachambuzi wakazungumza, wakanyamaza. Ndipo simu ikalia pajani.

Lisiate. Ya picha.

Nikanyoosha kidole, na kabla sijagusa, jina jingine likajitokeza juu ya lile la kwanza.

Fe'ao.

Majina ya ndugu zangu wawili kwenye kioo kimoja, yote yanawaka, yote yananingoja. Mmoja ananijia na habari. Mwingine anaitaka.

Nikafikiri haraka kuliko nilivyowahi kufikiri. Nikimpokea Fe'ao kwanza, nitajua. Na nikishajua, nitawezaje kumtazama Lisiate usoni? Lakini nikimpokea Lisiate sasa hivi, kabla sijajua, basi sitakuwa muongo. Baba amelala. Inawezekana kweli amelala. Kwa muda huu mdogo Baba alikuwa bado yuko vyovyote ninavyotaka awe.

Nikafuta macho kwa kiwiko. Nikatabasamu kwanza, nikahakikisha tabasamu limeshika. Nikabonyeza jina la Lisiate.

Uso wake ukajaa. Taulo shingoni, nyuma yake wenzake wanaimba na kupiga makabati.

"Dada! Mmeniona?"

"Tumekuona, mdogo wangu. Wote tumekuona."

"Na Baba? Baba kasema nini?"

"Amelala. Furaha imemchosha."

"Amelala!" Akacheka, akajifuta uso kwa taulo. "Mechi ya maisha yangu, mzee amelala! Na Shangazi je? Alicheza? Niambie kweli, alicheza?"

"Alicheza. Katikati ya jiko."

Akacheka tena, akarusha kichwa nyuma. Kilipoinama, kicheko kilikuwa kimekatika katikati. Hakuwa akinitazama mimi. Alitazama nyuma ya bega langu, ukutani, kwenye picha za babu zetu na msalaba wa kanisa. Akasogeza uso karibu na simu. Wenzake waliendelea kuimba na yeye hakuwasikia tena.

"Seini," akasema. Hakuniita dada. "Mbona umekaa chumba cha mbele?"

Juu ya paji la uso wake, jina la Fe'ao likawaka tena.